Miche Mitano ya Mlangilangi

Marodoka, Nosy Be
2 Mei 1962

Kwa Sittou, mke mwenza,

Salamu nimempa mume wetu azilete kwa mdomo. Akizisahau njiani, zichukue humu. Ni mimi Echata, mke wa kwanza, yule ambaye Assoumani akimtaja mbele yako hushusha sauti. Usishangae kupata barua yangu baada ya miaka miwili ya kununiana. Nimeona tukisubiri mmoja wetu afe ndipo tusemezane, nitakuzika mimi bila kujua nimemzika nani.

Nakuandikia Kiswahili cha babu yangu, kwa herufi za chuo cha Kurani. Kimalgashi nakisema hata usingizini, lakini kukiandika kwa herufi za Kizungu sikufika huko. Kwa masista nilikaa mwaka mmoja, wakanitoa kwa sababu ya kucheka. Wewe nasikia baba yako wa Ngazija alikusomesha vizuri, basi utanielewa. Kizuri zaidi ni kwamba mchukuzi wa barua hajui alifu wala be. Ataibeba kama anavyobeba boriti za mikoko, bila kujua inasema nini.

Anakuletea miche mitano ya mlangilangi. Nimeichagua mwenyewe, nikaifunga kila mmoja na donge la udongo wa hapa. Uutazame udongo huo, mweusi kama masizi ya chungu. Babu alikuwa akisema kisiwa hiki kilitapikwa na moto, ndiyo maana kila unachokidondosha kinaota. Mimi nachuma maua shambani kwa Mzungu tangu nina miaka tisa. Tunaingia alfajiri kabla jua halijaiba mafuta, na saa tatu mtambo wa kukeneka ukishawashwa, mji mzima wa Andoany, ambao Wazungu wanauita Hell-Ville, unanuka kama bibi harusi. Tuna pilipili manga, tuna vanila, tuna miwa hadi Dzamandzar, tuna maziwa juu mlimani yenye mamba ambao Wasakalava wanawaheshimu kuliko mimi ninavyoheshimiwa nyumbani kwangu. Ng'ambo yetu kuna kisiwa kizima kimepewa jina la komba. Nyinyi Mahajanga mna nini? Matope mekundu. Chombo cha Assoumani kikirudi kutoka kwako kimevaa mkanda mwekundu kiunoni kama mwanamke wa ngoma.

Ipande miche karibu na dirisha la chumba. Siku itakapochanua, harufu itaingia mpaka kitandani, na mtu aliyelala hapo atakumbuka amewahi kulala wapi. Huo ndio ukarimu wangu, upokee.

Sasa neno lenyewe. Binti yangu Rabiata anaolewa Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi, na kijana anaitwa Chaher. Ana kazi bandarini Diego, amepewa ruhusa ya wiki moja tu. Baba yu hai, kwa hiyo ni baba atakayemwoza. Kadhi kashaniambia hataki kusikia habari ya mjomba. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu, zamu yako ikiisha unirudishie mtu wangu mapema.

Mimi wa kwanza,
Echata


Antanimasaja, Mahajanga
9 Juni 1962

Dada Echata,

Shikamoo, kwa kuwa umri wako unaidai.

Barua yako nimeipata jana. Imelowa, imekauka, imelowa tena. Kama umeandika kweli tarehe uliyoiandika, basi umemkalisha mume wetu mwezi mzima na zaidi baada ya kuiandika. Mimi zamu yangu naila makombo, kisha unaniandikia nimrudishe mapema. Unajua kuomba, Dada, hilo sikunyimi.

Miche nayo ni mitatu, si mitano. Nimeihesabu mbele yake, akasema, "Echata hajui hesabu, alikaa shule mwaka mmoja." Nimeipanda nyuma ya nyumba, mbali kabisa na dirisha.

Umeuliza tuna nini. Tuna mto Betsiboka. Udongo wa nchi nzima, wa Wamerina wa bara na wa kila mlima, unachukuliwa na maji huko juu na kuletwa mlangoni kwetu bila sisi kunyanyua jembe. Ndio huo wekundu unaoucheka. Ndani ya matope hayo kuna kamba wa kila ukubwa, nami nawakausha na kuwauza mpaka kwa Wahindi. Mikoko yetu ukiingia usipokuwa na mtu wa kukutoa, unakutwa na kaa wakikujadili. Boriti ambazo mume wetu hukusifia wewe ni zetu. Maua hayaliwi, Dada. Usiku wa njaa mtu hanusi.

Na hongera kwa kofia aliyokuja nayo. Sikujua una mkono mzuri hivyo wa sindano. Vitundu vidogo kama jicho la sisimizi, na nyota kuzunguka ukingo wote. Mimi ya kwangu niliyomshonea mwaka wa harusi yetu ameacha kuivaa. Hiyo yako imetundikwa msumarini, nami nimelala nikiitazama. Kwetu mwanamke akimshonea mwanamume kofia amesema yote aliyonayo moyoni. Nimekusikia.

Kuhusu harusi ya binti yetu, Mungu aibariki. Simfungi mtu kamba.

Sittou


Marodoka
24 Juni 1962

Sittou,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikutukana kwa sauti mpaka jirani Hadjira akaja kuuliza kama ni mbuzi ameingia jikoni. Mara ya pili nikakaa chini.

Assoumani aliondoka hapa asubuhi ya tarehe tatu Mei. Nilimpelekea uji chomboni mwenyewe, nikaona tanga linapita Nosy Komba. Kwa upepo ule, mtu mvivu kabisa angekuwa kwako ndani ya wiki. Kwa hiyo kama unaniambia kweli, mwezi huo haukuwa wangu. Na kama unaniambia uongo ili nijione mnyonge, basi umeipata kazi yako kwa sababu sijalala.

Miche ilikuwa mitano. Hesabu naijua, masista walinitoa kwa kicheko, si kwa hesabu.

Na kofia gani? Mimi sishoni. Vidole vyangu vimezoea kung'oa maua, nikishika sindano nachoma kila kitu isipokuwa kitambaa. Mume wetu amekaa na mimi miaka ishirini anavaa kofia za kununua, na mama yake alikufa akinisema kwa hilo. Niliposoma nyota kuzunguka ukingo, niliona wivu wa kuchekesha. Miaka miwili nimekuonea wivu wewe, nikakufikiria una kiuno hiki na macho yale, nikakutengeneza kichwani mwanamke mzuri kupita kiasi. Sasa naona nilikuwa nautupa wivu mahali pasipo pake, kama mtu anayemwagilia jiwe.

Nijibu upesi, kwa posta, si kwa yeye. Miche hiyo ilifika na udongo gani? Donge langu jeusi lilikuwepo?

Echata


Antanimasaja
6 Julai 1962

Dada Echata,

Haikuwa na udongo mweusi. Niliikuta na mchanga, mweupe, una vipande vya makombe ya kauri, na mizizi imefungwa kwa nyuzi mbichi za mti wa mwale. Nilidhani kisiwa chako ni mchanga mtupu na zile sifa ni mdomo wako tu. Nisamehe kwa hilo peke yake.

Jambo jingine. Ile miche ilikuwa imetoa majani mapya. Mche uliolala chomboni hautoi majani, unayapoteza. Hiyo ilipandwa mahali, ikakaa, ikamwagiliwa, kisha mitatu ikang'olewa ikaletwa kwangu kwa kuwa alihofu barua imetaja miche na kwamba nitauliza.

Aliondoka hapa tarehe ishirini Juni. Alisema, "Naenda kwa Echata, kuna shughuli ya Rabiata." Alivaa ile kofia. Nilimfungia kamba wakavu kikapu kizima kwa ajili ya harusi, wale wakubwa, na kipande cha sandali cha kusagwa msindano wa kupaka uso wa bibi harusi. Kama amefika, nitafurahi kuonekana mjinga.

Nami niseme yangu. Nilipoona ile kofia nilikuchukia kiasi cha kumwaga maji kwenye miche yako yakiwa ya moto. Kidogo tu. Mmoja umeungua upande. Unaendelea.

Sittou


Marodoka
18 Julai 1962

Sittou,

Hajafika. Wala yeye, wala kamba, wala sandali.

Sasa sikiliza, maana mimi nimezaliwa na rubani wa meli. Baba yangu alikuwa akiwaingiza Wazungu kwenye ghuba hizi zote, na mimi mapajani mwake nikijifunza pwani kama watoto wengine wanavyojifunza Alhamdu. Kutoka hapa kwenda kwako kuna Sahamalaza, huko ni mikoko na matope meusi, mchanga hakuna. Mbele yake Analalava. Hapo mchanga ni mweupe, kauri zinaokotwa kwa ungo, na nyuma ya mji miti ya mwale imesimama mpaka mtoni. Wanafunga kila kitu kwa mwale huko, mpaka kuku. Hakuna mahali pengine njiani penye mchanga huo na mwale huo pamoja. Yuko Analalava.

Na kuna jambo nililiona nikalipuuza. Mwezi wa nne aliporudi, akisema katoka kwako, chombo hakikuwa na mkanda mwekundu. Kilikuwa safi tumboni kama sahani. Akaniambia amekisugua. Mtu ambaye hajawahi kusugua hata sufuria! Nami nikamsifu, nikampikia wali wa nazi. Usiku ule nililala nikimwonea huruma kwa kazi aliyoifanya. Sittou, nikikumbuka wali ule nataka kuomba urudishwe.

Harusi imebaki chini ya mwezi. Mimi siwezi kuondoka, nina unga wa kusaga, nina wanawake wa Marodoka nzima wanaoingia na kutoka, na nikiondoka watu watajua. Mpaka sasa nawaambia yuko Mahajanga anamalizia shehena. Rabiata haulizi. Hukaa barazani tu akihesabu vyombo vinavyoingia, akiona tanga husimama, akiona si lenyewe hukaa tena. Sijawahi kuona kitu kibaya kama mtoto anayekaa tena.

Kwa hiyo nakuomba mara ya pili katika maisha yangu, na sitaki uzoee. Panda chochote kinachokwenda Analalava. Umtafute. Wewe kijana, una miguu, na hasira yako bado haijatumika. Ukimkuta na mwanamke, mtazame vizuri, kisha unieleze yukoje. Usifiche. Kama ni mzuri sema ni mzuri. Kama ana shingo ndefu sema. Nitakufa nikijua.

Echata


Analalava
4 Agosti 1962

Dada Echata,

Nimemwona. Yupo.

Nilipofika sikuuliza mtu. Nilitembea nikitafuta majani ninayoyajua, nikayakuta. Ua wa makuti nyuma ya msikiti, na ndani yake miche miwili ya mlangilangi, imezungushiwa uzio wa mwale mbuzi asiile. Mume wetu alikuwa juu ya paa anaezeka. Aliponiona hakushuka. Aliendelea kufunga kuti lile lile mpaka kamba ikaisha.

Anaitwa Kouraichia. Uliomba nisifiche. Ana shingo ndefu, Dada. Ana umri wa Rabiata na miaka michache juu, ni mjane, mume wake wa kwanza alizama katika ghuba ya Narinda. Ananuka nazi na moshi. Anashona akiwa anatembea, akipika, akizungumza, sindano haimtoki mkononi. Nilimwangalia mikono nikajua ile kofia ilimchukua muda gani, na nikashindwa kumchukia kwa wakati niliokuwa nimejipangia.

Alinipokea kwa heshima mno. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji, akaniita shemeji. Nikamuuliza kwa nini shemeji. Ndipo nikajua. Mume wetu kamwambia mimi ni mjane wa marehemu kaka yake, anaenda Mahajanga kunitazama kwa sababu sina mtu. Na wewe, Dada, ukae kwanza kabla ya kusoma. Wewe ni shangazi yake. Mzee, mgonjwa wa miguu, unaishi kwa kuuza maua, na ile miche umempa kama zawadi kwa kuwa amekutunza vizuri.

Kouraichia akauliza, "Na shangazi anaendeleaje na miguu?" Mimi nikasema, "Shangazi anakimbia."

Nikamweleza yote. Hakulia. Alisimama, akamwita ashuke, akamvua kofia kichwani mbele ya watu waliokuwa wakipita, akaingia nayo ndani. Assoumani alibaki na kichwa kitupu juani kama nazi iliyofuliwa. Nikamwambia, "Rabiata anaozwa Ijumaa ijayo baada ya hii." Akasema, "Nilikuwa nakuja." Nikamwambia, "Kwa kupitia paa?"

Sasa iko hivi. Chombo chake kipo, upepo upo, tunaweza kufika. Lakini Kouraichia anasema hatabaki hapa kuchekwa. Anataka aje amwone shangazi. Sijui nimlete au nimwache. Ni nyumba yako, ni harusi yako. Kuna dereva wa posta anakwenda Antsohihy asubuhi na barua hii, wewe ukiipata unijibu kwa simu ya maandishi. Nasubiri.

Sittou


Simu ya maandishi, Hell-Ville, 8 Agosti 1962

MLETE. NA HUYO MWINGINE MLETE. AJE NA SINDANO. NGUO YA BIBI HARUSI HAIJAISHA. SHANGAZI


Marodoka
2 Septemba 1962

Sittou wangu,

Natumai umefika na tumbo lako limetulia. Hadjira bado anasimulia jinsi ulivyotapika bandarini ukiwa umejifunga nguo mpya ya saluva, na kwamba hukuacha kunifokea hata wakati huo.

Nyumba imekuwa kubwa tangu muondoke. Najua uliniona nikicheka siku zote saba, nikiwatania waoaji, nikimwambia kadhi amefupisha khutuba kwa kuwa ameinusa pilau. Hukuniona jikoni ile asubuhi mlipofika. Nilikuwa nimejipanga kumwambia mume wetu maneno ambayo nilikuwa nimeyapika tangu Juni. Akaingia, kichwa wazi, akasema tu, "Mama Rabiata." Na kabla sijafungua mdomo Rabiata alishampita mbio, akaenda kumshika mkono. Maneno yangu yote yakaharibika. Nikampa uji.

Alimwoza vizuri, lazima niseme. Chaher akakubali mara moja, wala hakusubiri kadhi amalize. Wanawake wa mji walikuja kutuhesabu zaidi kuliko kula. Walitaka kuona wake watatu wa mtu mmoja wakishikana nywele, wakakuta mmoja anakoroga, mmoja anakaanga, mmoja anashona upindo wa mwisho wa nguo ya bibi harusi huku kapiga magoti. Mke wa imamu alininong'oneza, "Unavumiliaje?" Nikamwambia, "Mimi ni shangazi, mama." Mpaka sasa anafikiri nimechanganyikiwa.

Yule mtoto wa Analalava, maana kwangu ni mtoto, nilipanga kumtesa kidogo. Nikamuweka chumba cha mwisho chenye mbu. Asubuhi nikakuta ameshona kofia ya Chaher usiku kucha kwa taa, kwa kuwa nilisahau kumtafutia bwana harusi kofia. Mimi, mwenye harusi. Nikamhamisha chumba. Shingo yake ni ndefu kweli, ulisema kweli, sikupenda hata kidogo.

Zamu tumeshaipanga kama tulivyokubaliana, na amekubali. Akija kwangu nitautazama mkanda wa chombo. Akija kwako utazame mchanga kwenye miguu yake. Kouraichia ananiambia ataangalia kama ananuka maua. Mtu huyu sasa amezungukwa na pwani nzima.

Sasa neno lililonifanya nichukue kalamu. Baharia wa chombo cha nahodha Ansoifa amepita hapa, katoka Analalava, akanitajia kwamba Kouraichia alikuwa amekaa mlangoni anasoma barua yako, huku anacheka mpaka machozi. Barua yako. Ndefu, kurasa nne, na kamba wakavu umemtumia. Mimi hapa tangu uondoke sijapata hata karatasi ya kufungia chumvi. Umemwandikia nini cha kuchekesha hivyo? Ni ile habari ya mbuzi jikoni? Ile ni yangu, Sittou, nilikuandikia wewe. Nilidhani mume akitugawanya watatu nimeshaonja wivu wa mwisho, sikujua upo mwingine umenisubiri huku nyuma, na huu hauna kadhi wa kuugawa kwa zamu.

Basi nikupe kitu ambacho hutakipata kwake. Miche yako ikifika urefu wa kifua chako, ikate kichwa. Usione huruma. Kisha matawi uyainamishe chini, uyafunge na mawe, ukiwa mpole. Mlangilangi ukiachwa wenyewe unakwenda juu kama mnazi, unachanua mahali ambapo ndege tu ndio watafaidi, na wewe chini unabaki na harufu ya kupita. Ukiukata na kuuinamisha, maua yanakaa usawa wa mkono. Kila mchumaji wa hapa anajua, hatumwambii mtu wa nje.

Na ule ulioungua kwa maji yako ya moto usiung'oe. Miche ya aina hiyo ndiyo huwa na maua mengi. Uhamishe karibu na dirisha lako, kama nilivyokuambia mwanzo.

Kouraichia usimwambie habari ya kukata kichwa. Miche yake miwili itafika kifua mwakani. Nitamwambia mwenyewe, akiniandikia.

Wako, na nasema wako,
Echata